Kabla Hamjachapisha Fulana za Kikundi cha Miti

Mwaka wa kwanza wa kikundi chetu tulipanda miche 300 kwa asubuhi moja, mwezi wa Novemba. Kufikia Juni tulikuwa tumeiua 259. Nasema tumeiua kwa sababu jua la mji wetu wa Voi halikuanza jana, na mbuzi wa jirani tuliwaona kwa macho yetu wakipita tukichimba mashimo. Tulikuwa na fulana za kijani, bango na spika ya kukodi. Mtu wa zamu ya maji hatukuwa naye.

Wiki hii vijana wawili wa Mwatate wameniuliza kikundi cha kujitolea cha mazingira kinaanzwaje. Walitarajia niwape katiba wakanakili. Hayo ya katiba na usajili yapo na yana ofisi zake. Mchagueni mwekahazina mkali, basi. Mimi niliwarudisha kwanza kwenye historia ya Green Belt Movement, vuguvugu la kupanda miti la Wangari Maathai, kwa sababu wengi wetu tunamkumbuka mama huyo kuanzia ile Nobel ya Amani ya 2004, utadhani vuguvugu lenyewe lilizaliwa na tuzo mkononi.

Lilitanguliwa na hasara. Kabla yake mama huyo alikuwa na kampuni ya miche iliyoitwa Envirocare, nayo ikafa. Kisha tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wakaandamana hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba, kila mmoja kwa heshima ya shujaa wa zamani. Mmoja ulikuwa wa Mekatilili wa Menza, wetu wa Pwani. Kwa maelezo ya Maathai mwenyewe, iliyoishi ni miwili. Nilipoyajua hayo nilichukua kalamu nikalinganisha na 41 wetu kati ya 300. Bado walitushinda kwa mbali, lakini usiku ule nililala vizuri kidogo.

Jambo lililowatoa pale, kwa maoni yangu, ni dogo na halina picha nzuri. Akina mama wa vijijini walipewa malipo kidogo, senti 4 za dola, kwa kila mche ulioshika. Kupanda peke yake hakukulipa. Ukishajua utahesabiwa kilicho hai, unachimba shimo kwa namna nyingine kabisa. Unatafuta kivuli. Unamwambia mtoto arudishe mbuzi.

Sisi senti za kumpa mtu hatukuwa nazo, tukabadilisha daftari. Zamani liliandikwa "miche iliyopandwa" na idadi, tena kwa wino mwekundu. Sasa kila mwanachama ana miche sita yake, na kila mche una kifuniko cha soda kilichogongwa namba kwa msumari, kimening'inizwa kwa waya kwenye kijiti. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunazunguka. Namba 17, hai. Namba 18, mbuzi. Namba 19, hai lakini majani ya chini yamekauka, na mwenyewe yuko pale anasikia, anaangalia viatu vyake. Mwaka wa pili tulipanda 90 tu. Ikabaki 66.

Tukipigiwa simu na mfadhili anayetaka kuleta miche 1,000 na wapiga picha, tunamuuliza maji ya Januari yatalipwa na nani. Wengine hawapigi tena. Mtungi wa lita 20 kwa mkokoteni kwetu ni shilingi 20 ukibahatika, na kujitolea kwa mtu hakumfanyi muuza maji ajitolee pia. Ndiyo maana tunachanga hamsini kila wiki, na pesa hiyo haiguswi kwa soda wala nauli.

Miche nayo jifunzeni kuotesha wenyewe. Green Belt walipoanza, mkuu wa idara ya misitu aliwaambia wachukue bure kiasi wanachotaka, akiamini hawatafika popote. Haukupita muda akawaita tena: mnachukua mingi mno, sasa mlipe. Akina mama wakaokota mbegu na kuotesha kwenye vyungu vilivyovunjika, wakiviweka juu mbali na kuku na mbuzi. Watu wakawa wanawaita mabwana misitu wasio na diploma.

Kwetu mwalimu alikuwa mama anayetuuzia chai. Kitalu chake cha kwanza kilikuwa mikebe ya mafuta ya Kimbo iliyotobolewa matako, imepangwa juu ya paa la banda la kuku. Yeye ndiye aliyetuambia mbegu ya mwarobaini ipandwe mbichi, maana ukiiweka miezi kadhaa haioti. Na ya mti wa mukau, ambayo kokwa lake ni gumu kama jiwe, tusihangaike kukwea mti kuichuma: twende tukaokote zizini. Mbuzi hula tunda, kokwa wanaliacha. Mbuzi hao hao! Kokwa bado lazima ulivunje kwa uangalifu, maana ukilipiga kwa hasira mbegu inasagika ndani.

Jingine ni ardhi, na hapa msione haya kuuliza. Sehemu yetu ya pili tulionyeshwa kwa kidole, "hapa ni pa umma." Tulimwagilia miezi mitano. Siku moja akaja mtu na futi ndefu na vigingi vya zege, na karatasi zake zilikuwa kamili. Hatukuwa na hata barua. Siku hizi tunakwenda ofisi ya ardhi kwanza, jembe baadaye. Maathai mwenyewe aligombania Uhuru Park, bustani ya umma ya Nairobi, mwaka wa 1989 palipotakiwa kujengwa jengo la ghorofa 60, na Januari 1999 alipigwa hadi kuvuja damu akienda kupanda mti Karura, msitu ambao vipande vyake vilikuwa vimeshagawiwa watu. Uhuru Park haikupata ghorofa, na Karura leo watu wanaenda kutembea. Lakini yule alikuwa Wangari, na nyuma yake dunia ilikuwa inatazama. Kikundi cha watu wachache kule Voi kitafute barua yenye mhuri.

Vijana wa Mwatate waliniuliza pia bei ya fulana. Niliwaonyesha zetu. Nne zimeshachanwa kuwa vitambaa vya kufungia miche kwenye vijiti, na kazi hiyo zinaifanya vizuri, kwa sababu pamba haikati ganda.