Namtaja Georgie, kaka wa yule mtoto mwenye akili

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni mhusika gani wa tamthilia za familia anayestahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa? Mimi namtaja Georgie Cooper wa Young Sheldon, wala sikuhitaji kufikiri mara mbili.

Tamthilia hiyo ya vichekesho ya Marekani ilioneshwa na televisheni ya CBS kuanzia Septemba 2017 hadi Mei 2024, misimu saba. Inaanzia mwaka 1989 katika mji wa kubuni wa Medford, mashariki mwa Texas. Sheldon, mdogo wake Georgie mwenye akili nyingi, ana miaka tisa na tayari anaingia sekondari. Baba yao, George, ni kocha wa mpira wa Kimarekani katika shule hiyohiyo. Mama yao, Mary, ni mtu wa kanisa kwelikweli. Missy ni pacha wa Sheldon, na bibi yao anakaa ng'ambo ya barabara. Georgie ndiye kifungua mimba.

Watu wengi humkumbuka Sheldon na glavu zake. Wakishikana mikono kusali kabla ya kula, yeye huzivaa ili asishike mkono mtupu wa mtu na kupata vijidudu. Watu hucheka. Mimi nilimtazama kaka aliyekaa naye meza moja, nikajiona.

Maana Sheldon aliporushwa madarasa, alitua katika darasa la Georgie. Anayedhani hilo ni jambo dogo halijamkuta. Mwaka 1990 nilikuwa darasa la nne, na mdogo wangu, ninayempita miaka miwili, alirushwa kutoka la pili akaja kukaa dawati la mbele yangu. Mwalimu akiuliza swali, mkono wake ulikuwa juu kabla sijaelewa kilichoulizwa. Nyumbani jioni wageni walimwita aje asome gazeti kwa sauti, nami nilitumwa maji. Hakuna aliyenionea. Mama alitupenda sote, na hilo silitilii shaka hata leo. Ila nyumba yenye mtoto wa namna ile hupangwa kumzunguka yeye: saa za kulala, taa ibaki kwa nani, fedha ya daftari itangulie kwa nani.

Waandishi wa Young Sheldon walilielewa hili vizuri ajabu. Hawakumfanya Georgie mjinga. Darasani hang'ari, lakini mpe kitu auze umwone. Katika msimu wa tano anaacha shule na kufanya kazi na bibi yake. Anampenda Mandy, mwanamke aliyemzidi miaka mingi, baada ya wote wawili kudanganyana umri. Mandy anapata mimba, na kijana wa miaka 17 anasema atamlea mtoto wake. Analea kweli. Nimeziona tamthilia nyingi ambazo kijana wa namna hiyo hutoweka tu kwenye hadithi, au huletwa ili achekwe. Huyu anaamka usiku kubembeleza mtoto, asubuhi anakwenda kazini.

Kisha baba anafariki. Ni mwishoni kabisa mwa msimu wa saba: George anaaga asubuhi kama siku zote, hakuna anayeinua kichwa, na wenzake wa kazini ndio wanaokuja mlangoni na habari ya moyo uliosimama. Katika kipindi cha mazishi Sheldon anairudia ile asubuhi kichwani tena na tena, akiwaza angemjibu nini baba yake. Kipande kile kiliniliza. Lakini macho yangu yalikuwa kwa Georgie, anayezunguka nyumba nzima akishughulikia kila kitu ili mama yake asianguke. Muda mfupi baadaye Sheldon yuko California, chuo cha Caltech.

Yaliyofuata yalikuwa yamekwisha kusemwa miaka kadhaa kabla, katika The Big Bang Theory, tamthilia inayomwonesha Sheldon akiwa mtu mzima. Mwaka 2018 kilioneshwa kipindi ambacho anarudi Texas kumwalika kaka yake harusini, na kaka hataki hata kumsikiliza. Georgie sasa ana maduka ya matairi na ana uwezo wake. Ndipo anamwambia: wewe ulipokwenda chuo, mimi ndiye niliyebaki na mama na Missy. Mama hakutaka ujue, usije ukashindwa kusoma. Sheldon, mwenye kumbukumbu isiyopoteza hata tarakimu, hilo hakulijua.

Na si hilo tu. Kwa miaka aliamini kwamba utotoni alimfumania baba yake na mwanamke mwingine. Msimu wa saba ukatuonesha kwamba mwanamke yule alikuwa Mary mwenyewe, amevaa nywele za bandia. Mtoto aliona, akakumbuka kila kitu barabara, na bado akamkosea baba yake.

Kwetu hapakuwa na siri yoyote. Baba alipigwa na kiharusi mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu shule ya kutwa, na mdogo wangu yuko bweni, shule ya vipaji maalumu. Niliacha nikashika gereji ya baiskeli ya baba. Mdogo wangu akirudi likizo alikuta ada imelipwa na tranka limejaa, akarudi shule. Hakudanganywa. Hakuuliza tu, na alikuwa mtoto. Simlaumu, na gereji ile nimeipenda.

Leo ni mhandisi, na ni mtu mwema. Desemba iliyopita alikuja nyumbani na watoto wake, nikamwekea kile kipindi cha Texas. Hakusema kitu mpaka kilipokwisha. Kesho yake asubuhi alinikuta gerejini nakaza spoku, akavuta kigoda akakaa.

"Kaka, mwaka ule baba alipolala, ulikuwa unaamka saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi. Akauliza wateja wa kwanza walikuwa nani, na nilijifunzaje kunyoosha rimu. Tukaendelea hivyo mpaka mama alipotuma mtoto kutuita chai.