Mtazame mkono kabla hujamsaidia

Mama alipopata kiharusi upande wa kulia ulilegea, tukamhamishia kwangu hapa Tandika. Miezi ya mwanzo sikumpa nafasi. Akigeuza shingo tu, nimeshamfikishia maji mdomoni. Akigusa kanga, nimeshamfunga. Siku moja akausogeza mkono wangu, akasema, "Mwanangu, niache nimalize."

Maneno yale yalinirudia niliposoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wa mwaka 2013. Hema Koppula na Ashutosh Saxena waliifundisha roboti kubashiri mtu anataka kufanya nini, kwa kutumia kamera ya Kinect na video 120 za shughuli za nyumbani. Roboti ile haisomi mawazo. Inatazama mkono unaelekea wapi, na kitu kilicho karibu kina kazi gani. Mtu akibeba chombo kuelekea kwenye friji, inamfungulia mlango. Ikitaka kumwongezea kinywaji ikaona anapeleka mkono kwenye kikombe, inasubiri anywe kwanza.

Kilichonigusa zaidi ni namba. Ikibashiri sekunde 1 mbele, ilipatia kwa asilimia 82. Sekunde 3, asilimia 71. Sekunde 10, asilimia 57. Sekunde 10 tu! Na mimi nilikuwa nampangia mama asubuhi nzima.

Kwa hiyo wewe unayeuguza mzazi, kaa mahali unapouona mkono wake mzima. Mkono ukianza kwenda, uache uende. Ukikwama, ndipo umsogezee kitu, usimshikie. Chai ya moto na sakafu ya bafu yenye maji havingojewi, hapo wahi. Mengine yote yanaweza kungoja, hata uji ukimwagika. Kanga inafulika.

Tena vitu vyake visihamehame. Mama ana stuli upande wa kushoto: kikombe cha plastiki chenye mshikio, rimoti, tochi, kitambaa. Wajukuu wameshakatazwa kuvigusa. Kila kitu kikiwa mahali pake, yeye anajua pa kupeleka mkono, na mimi najua anakwenda kuchukua nini bila kumuuliza mara kumi. Maswali mengi nayo yanachosha mgonjwa.

Juzi usiku umeme ulikatika. Nikasikia mkono wake unapapasa juu ya stuli. Simu nilikuwa nayo, taa ningeweza kuwasha. Nikatulia. Kikombe kilianguka, rimoti ikafuata, kisha tochi yake ikawaka.