Muulize Fundi: Mfumo wa Saccos umehamia Debian, umegoma kuwaka

SWALI: Shikamoo fundi. Nasimamia kamfumo ka Saccos yetu, kameandikwa zamani na lugha ya Python 2.7, databesi ni PostgreSQL (Postgres) 9.2, seva inatumia CentOS 7, aina mojawapo ya Linux. Siku hizi nikipiga yum update, amri ya kuapdeti programu, inasema haioni mirrorlist.centos.org. Bosi kaleta seva mpya ina Debian 12, Linux ya aina nyingine, nikakopi mafolda yote mpaka folda ya databesi nikaweka kule, hakuna kinachowaka. Nimekesha siku mbili. Nimekosea wapi?
Kijana wa Saccos, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na kukesha. Yum yako haijaharibika, ni kwamba CentOS 7 ilifika mwisho tarehe 30 Juni 2024 na hiyo anwani ikazimwa, paketi zake zipo vault.centos.org, ukielekeza yum huko utaweza kuinstoli vitu ila apdeti mpya za usalama usahau.

Kosa lako sio Debian. Umehama mara tatu kwa mpigo: distro (aina ya Linux), Python na Postgres, sasa kitu kikigoma hujui umlaumu nani. Debian 12 haina kabisa Python 2, inakuja na 3.11, na Postgres yake ni 15 ambayo haiwezi kusoma folda ya 9.2 hata uibembeleze.

Kwa hiyo rudi kwenye seva ya zamani kwanza. CentOS 7 ina Python 3.6, instoli hiyo, ufanye mfumo ukimbie nayo hapohapo nyumbani kwake, tena kwenye kopi, sio kwenye ule wanaotumia wanachama. Zile amri za print zilizoandikwa kizamani zitakupigia kelele zenyewe utazirekebisha, mimi naogopa kitu kinachobadilika kimyakimya, yaani kugawanya. Mkopo wa 100000 kwa miezi 3, kwenye Python 2 ukiandika 100000/3 unapata 33333 basi, kwenye Python 3 unapata 33333.33 na mkia mrefu. Hakuna erori yoyote, ila marejesho ya kila mwanachama yamebadilika na mhasibu atakuja juu. Tafuta kila alama ya / kwenye kodi yako, pale ulipokuwa unategemea namba kamili weka //, hiyo inagawanya bila mkia.

Hiyo ikitulia ndio uhame. Databesi usikopi folda, tumia pg_dump, programu ya Postgres ya kutoa data, na utumie ile ya Debian ikaivute databesi kutoka seva ya zamani kupitia netiweki. Una bahati, pg_dump ya 15 inakubali kuanzia 9.2, ungekuwa na 9.1 tungekuwa tunaongea mengine. Yuza wa databesi ukiwahamisha na amri ya pg_dumpall -g paswedi zao zinakuja zimefichwa kwa njia ya zamani ya md5, Postgres ya Debian inataka njia mpya ya scram, utaambiwa paswedi imekataliwa na wewe unaapa ndio yenyewe. Ziweke upya tu.

Halafu usishangae orodha ya wanachama ikibadilika mpangilio. Glibc, maktaba ya msingi ya Linux, kuanzia 2.28 inapanga herufi tofauti (CentOS 7 ina 2.17), zamani alama kama ' na - ilikuwa inazipuuza, sasa inazihesabu, kwa hiyo Ng'wandu aliyekuwa chini ya Ngowi anaweza kupanda juu yake. Hajapotea mtu.

Kingine ni saa. Mimi niliwahi kuhamisha mfumo wa duka, cron (kazi inayojiendesha kwa saa maalumu) ya ripoti nimeweka 0 0, yaani saa sita usiku, seva mpya ilikuwa UTC, saa tatu nyuma yetu, ripoti zikawa zinatoka saa tisa usiku na mauzo ya siku mbili yamechanganyika. Wiki nzima nadhani muuzaji anaiba, kumbe mimi. Piga amri ya timedatectl, weka saa za Africa/Dar_es_Salaam, kabla hujagusa crontab, orodha ya hizo kazi za cron.

SWALI: Fundi, si angeenda AlmaLinux tu? Ni ndugu wa CentOS.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Angeweza, na kwa asiye na muda ni njia nzuri. Kuna kifaa chao kinaitwa ELevate, kinaipandisha CentOS 7 kwenda Alma 8 bila kufuta seva, na Alma 8 bado ina paketi ya Python 2.7. Ila seva mpya ya huyu kijana ishalipiwa na ina Debian, na bosi wake namjua kwa kumsoma tu, hatarudisha.