Safu ya tatu kwenye ubao

Mhariri, swali lenu la wiki limenikuta na kitabu cha hesabu mkononi: “Ukifunga hesabu za mwaka huu, utaandika nini kwenye safu ya hasara?” Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, na Desemba ni mwezi wangu wa kuhesabu mabati na misumari. Hasara za dukani nazijua kwa shilingi na senti. Zangu mwenyewe nimezipima kwa mchezo ambao majirani zangu wa Manyatta wanadhani nimeubuni.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Kakangu anaishi Toronto, na ndiye aliyeniambukiza. Tulipokuwa shule ya msingi kule Ahero, sisi wasichana tulicheza raunda kwa mpira wa karatasi za nailoni zilizokazwa kwa kamba, na gongo likawa ubao wowote ambao mwalimu hajauona. Kwa hiyo aliponieleza kwamba huko wanaume wazima hulipwa mamilioni kwa kupiga mpira na kukimbia kutoka kituo hadi kituo, nilicheka. Kisha nikanaswa.

Mwaka huu wa 2025 timu yake, Blue Jays ya Toronto, ilifika fainali dhidi ya Dodgers ya Los Angeles. Haikuwa imechukua ubingwa tangu 1993. Fainali hiyo ni ya mechi saba, atakayetangulia kushinda nne ndiye bingwa, na kwetu zilikuwa zinaanza saa tisa usiku. Nilikuwa sipati usingizi wa maana hata hivyo. Tulikuwa tumetoka kumzika Raila Odinga, na mji mzima ulikuwa bado unatembea polepole. Nikawa nalala saa mbili jioni kama kuku, naamka saa tisa, nafuata mchezo kwa simu huku nikihesabu bando. Mechi ya tatu, ambayo kwa kawaida ingekuwa na awamu 9, kila timu ikipata zamu moja ya kupiga katika kila awamu, ilikwenda hadi ya 18. Ilipoisha ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi, mimi niko kaunta namwandikia mteja risiti ya saruji. Mteja akauliza nani amefariki.

Mechi ya saba ilichezwa Toronto kwenyewe. Jays walikuwa mbele 4 kwa 3 katika awamu ya tisa, wamebakiza kuwatoa wapigaji wawili tu. Miguel Rojas wa Dodgers, ambaye hakuna aliyekuwa akimwogopa kwa nguvu, akaupiga mpira ukatoka nje ya ua, na hiyo ni alama. Sare. Katika awamu ya 11 mwenzake Will Smith akatoa mwingine: 5 kwa 4, kwisha. Hapa Kisumu ilikuwa Jumapili asubuhi, tarehe 2 Novemba, nami nimeshavaa nguo za kanisa. Kakangu hakuniandikia kwa siku mbili.

Lakini kilichonikaa kichwani ni ubao. Ubao wa besiboli huonyesha safu tatu kwa kila timu: mikimbio (ndiyo alama zenyewe), mapigo na makosa. Makosa! Yako pale pale kando ya alama, uwanja mzima ukitazama. Timu yetu ya soka, Gor Mahia, wangeandikiwa hivyo pale uwanja wa Mamboleo sijui tungemaliza mechi saa ngapi. Tena kuna mwandishi rasmi wa mchezo, ambaye kazi yake ni kuamua: mpira huu ulioponyoka, je, mchezaji angeudaka kwa juhudi za kawaida? Kama ndiyo, ni kosa lake. Kama hapana, mpigaji anapewa sifa ya pigo.

Sasa hapo ndipo pana jambo ambalo mimi kama karani limeniudhi tangu nilijue. Mchezaji anayekimbia mbio zote, akaufikia mpira, ukamgonga kiganjani ukaanguka, huyo anaweza kuandikiwa kosa. Yule aliyezubaa, au aliyeanza kukimbia amechelewa, mpira ukapita bila hata kumgusa, kwa kawaida haandikiwi chochote. Kuzubaa hakuna safu. Mtu anaweza kumaliza msimu wa mechi 162 na makosa machache sana kwa sababu tu miguu yake ni mizito.

Nikajaribu kuuandika mwaka wangu kwa kanuni hiyo.

Nina blogu ndogo ninayoiendesha kwa programu ya WordPress. Mwezi wa Machi seva niliyokodi ilifungwa kwa sababu sikulipa kwa wakati, na picha zangu nyingi zikapotea. Nililalamika wiki nzima kwamba kampuni imenidhulumu. Baadaye nikafungua folda ya barua taka nikakuta barua zao tatu za kunikumbusha. Na sikuwa nimehifadhi nakala popote, mimi ninayewagombeza vijana wa stoo kwa kukosa nakala ya risiti. Mpira ulikuwa mkononi, ukaniponyoka. Kosa, andika. Halikuniuma sana baada ya hapo. Niliijenga upya kwa maandishi niliyokuwa nimejitumia kwa barua pepe, na haja ya kuwa na ukurasa mweupe mpya nadhani nilikuwa nayo.

Tatizo ni rasimu, yale niliyoandika nisiyachapishe. Programu ile haisahau. Unapoandika huhifadhi yenyewe kila baada ya dakika moja, na hutunza matoleo ya nyuma ukiyataka, uyalinganishe, ulichofuta kwa rangi nyekundu na ulichoongeza kwa kijani. Hata ukitupa kitu, kinakaa siku 30 kwenye pipa kabla hakijafutwa. (Wanaoitengeneza huyapa matoleo yake makubwa majina ya wanamuziki wa jazi. Mimi ningechagua ya benga.) Basi wiki iliyopita nikaingia nyuma ya blogu nikakuta rasimu 23. Niliyoandika usiku wa tarehe 18 Oktoba, nilipotoka kwenye umati wa kumuaga Raila pale Mamboleo viatu vikiwa mkononi, ipo. Sikuichapisha kwa kuwa niliona kila mtu anaandika. Rasimu ya marehemu mama na meza yake ya samaki pale soko la Kibuye ipo pia. Ina matoleo 41. Nyekundu na kijani, nyekundu na kijani, tangu nilipoijenga upya blogu.

Kwa nje, mwaka wangu una kosa moja. Ubao safi kabisa. Sijakosea tahajia, sijamkwaza shangazi yeyote, hakuna aliyeniambia nimesahau jambo. Mipira 23 imepita nikiitazama, na mwandishi rasmi hana pa kuiweka. Kwa hiyo, Mhariri, kwenye safu yenu ya hasara andikeni 23, ingawa mkaguzi yeyote atawaambia si halali.

Au andikeni 22. Jumapili nilimtumia kakangu ile ya mama, hivyo hivyo ilivyo. Alikaa kimya mpaka nikadhani Blue Jays wamefungwa tena, na msimu umeisha. Kisha akajibu: “Nyamera, mama hakuwahi kuuza mbuta. Ilikuwa ngege na omena. Rekebisha.”

Toleo la 42 liko mbele yangu sasa hivi.