Maswali yenu ya anga: maelieni (viumbe wa sayari nyingine) wako wapi?

Maswali ya anga yamejaa na mengi yanafanana kwaiyo nimeyaunganisha, na nyie mlioniuliza kuhusu nyota zenu na ndoa hapa sio mahali pake, tafuteni mnajimu.

NASA wamepata uhai Mirihi alafu wanatuficha, unasemaje? (msomaji wa Mbeya)

Wangekua wanaficha we ungesikia wapi? NASA, yani shirika la anga la Marekani, walitangaza wenyewe mbele ya waandishi, Septemba 2025, kwamba wamepata kitu kinachoweza kuwa dalili ya uhai wa zamani, sio uhai wenyewe. Iko hivi, kile kigari chao Perseverance kilitua kwenye kreta ya Jezero, shimo kubwa la kule Mirihi, Februari 2021, zamani sana pale palikua na ziwa na mto unaingia, sasa Julai 2024 kikiwa kwenye mkondo wa huo mto mkavu kikakuta jiwe lina vidoa vidogo vyeupeupe vimezungushiwa weusi, jiwe wakalipa jina Cheyava Falls na madoa wakayaita ya chui. Kupima wakakuta madini ya chuma yaliyochanganyika na fosfeti, mengine chuma na salfa, na huku kwetu madini ya hivo mara nyingi yanatokana na vijidudu vinavyokula mabaki ya viumbe kwenye tope. Mara nyingi, sio mara zote, na hapo ndo penye ubishi maana yanaweza kujitokeza yenyewe bila kiumbe chochote. Kigari kilitoboa kikachukua kipande, kipo kwenye kichupa, ila kichupa chenyewe kiko hukohuko Mirihi na mpango wa kukileta nyumbani umekwama kwenye hela. Mi hicho ndo kinaniuma, sio siri za serikali.

Kama Mirihi ni jangwa na Zuhura ni moto, wanatafuta wapi kwingine? (Kisumu)

Zuhura kweli haifai, joto linapita nyuzi 460 na mgandamizo wa hewa ni kama mara 90 ya huku, chombo cha Wasovieti Venera 13 kilitua 1982 kikadumu saa mbili na dakika chache tu na watu wakashangilia.

Pa kutafuta ni kwenye miezi. Sio huu wetu, miezi ya kule mbali, na mimi ukiniambia nichague mmoja nachagua Enceladus, mwezi wa Zohali, ile sayari yenye pete. Ni kadogo, upana km 500 hivi, yani kama Nairobi mpaka Mombasa kwa barabara, kote barafu tupu, na kwa umbali ule toka kwenye jua ungesema hapa hamna kitu. Chombo cha Cassini, kilichokua kinaizunguka Zohali, mwaka 2005 kikagundua maji yanaruka juu toka kwenye nyufa za kusini, yanatoka kama mvuke na vipande vya barafu, wakakipitisha katikati ya huo mvuke mara kadhaa kuonja, wakakuta chumvi, wakakuta kemikali zenye kaboni, 2017 wakatangaza haidrojeni, na 2023 watu walivyorudi kuchambua data za zamani wakakuta fosforasi. Maana yake chini ya ile barafu kuna bahari ya chumvi na kuna joto linatoka chini, joto sio la jua, ni Zohali inauvuta ule mwezi na kuuminya kila unavyozunguka mpaka ndani unapata moto.

Na kuishi bila jua kunawezekana, 1977 watu walishuka chini kabisa ya bahari karibu na visiwa vya Galapagos wakakuta matundu yanatoa maji ya moto na pembeni yake kumejaa chaza na minyoo, giza totoro, wanaishi kwa kutegemea bakteria wanaokula kemikali. Ndo maana Cassini ilipokaribia kuishiwa mafuta Septemba 2017 waliitumbukiza makusudi kwenye Zohali ikaungua, waliogopa isije ikagonga Enceladus ikapeleka vijidudu vyetu kule, alafu siku moja tushangilie tumepata uhai kumbe ni wetu wenyewe.

Wa pili ni Europa, mwezi wa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, chombo cha Europa Clipper kiliondoka Oktoba 2024 na kitafika 2030. Na hicho hakiendi kutafuta samaki jamani, kinaenda kupima kama mazingira yanaruhusu.

Ile pete ya chuma iliyoanguka Makueni ilikua ya maelieni? (Machakos)

Hapana. Ilianguka kijiji cha Mukuku tarehe 30 Desemba 2024, upana mita 2.5, uzito kama kilo 500, na shirika la anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Na wengine mlioona taa zimepangana mstari zinatembea kimyakimya usiku, hizo nazo sio maelieni, ni satelaiti za intaneti za Starlink zikiwa zimerushwa karibuni.

Maelieni wakikutana na Voyager watasikia Kiswahili? (Tanga)

Hawatasikia, na mi nimekasirika pia. Zile Voyager mbili, vyombo vya NASA vilivyorushwa 1977 kwenda mbali angani, kila moja imebeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, ina salamu za lugha 55, Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kiswahili hakimo. Waganda nyie tambeni tu. Ila kuna wimbo wa mabinti wa Wambuti wa msitu wa Ituri, kwaiyo Congo imewakilisha. Voyager 1 imeshapita km bilioni 24 toka hapa, kuirudisha turekodi upya ndo basi tena.

Mwanangu wa miaka 9 anapenda sayari, nimnunulie nini? (Morogoro)

Usikimbilie teleskopu ya bei rahisi, miguu yake inatetemeka mtoto hataona kitu. Tafuta darubini ya macho mawili, hata ya kuazima, aegemeze viwiko ukutani aangalie Mshtarii, ataona vidoti mpaka vinne pembeni yake kwenye mstari, ndo miezi ile Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, aliiona 1610 na mmojawapo ni hiyo Europa. Achore jinsi vilivyokaa, kesho yake achore tena, vitakua vimehama. Na asielekeze darubini kwenye jua hata sekunde moja, macho hayana spea.