Saa ya mama inasema 84, mashine ya hospitali inasema 97

SWALI: Asalam aleikum Bi Nesi. Kaka yetu alieko Muscat katuletea smatiwochi ya kumvisha mama, yeye yuko Wete, Pemba, ana miaka 71, presha anayo na moyo unamsumbua. Wanasema inapima kila kitu, mapigo, oksijeni, joto, presha, kwenye boksi imeandikwa hata sukari, alafu inatuma kwenye simu ya mjukuu wake na mie huku Jang'ombe, Unguja, naona. Juzi saa tano usiku naangalia naona oksijeni ya damu imeshuka 84 kwa mia, nikapiga ukelele nyumba nzima ikaamka, huko Wete wakamtoa kitandani na kanga zake wakamkodia gari mpaka hospitali, kufika kutiwa ile ya kidoleni ikasema 97! Mama kanuna, simu yangu hapokei. Sasa hii saa tuitupe au tuiamini vipi?
Binti wa Wete

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, mpe pole sana bi mkubwa. Usiitupe, ila na mie sitokwambia uiamini, kwani hamjaijaribu, mmeitoa kwenye boksi mkamvisha basi.

Nikuulize kwanza, mama alikuwa na piko, ile rangi nyeusi ya kujichora mikononi? Sifanyi masihara. Saa hizi zinapima oksijeni kwa mwanga, mwekundu na ule wa infraredi ambao jicho halioni, damu yenye oksijeni na isiyokuwa nayo hazinyonyi mwanga sawasawa na hapo ndipo hesabu inapopigwa. Mjapani mmoja, Takuo Aoyagi, ndie aliyeitoa hesabu hiyo miaka ya 1970. Sasa wewe ukichora piko jeusi pale pale mwanga unapopita si umeshatia pazia? Na hata bila ya piko, saa ikilegea, mkono ukiwa wa baridi, au mtu akilalia mkono wake, namba inashuka wakati mgonjwa mwenyewe anakoroma raha mustarehe. Ile ya kidoleni angalau mwanga unaingia upande mmoja unatokea wa pili, ya mkononi inangojea mwanga urudi ulikotoka, kwaiyo inababaishwa na vitu vidogo vidogo.

Lakini kosa hilo la juzi limewasumbua tu. Mie naliogopa la upande wa pili, pale kifaa kinaposema salama na mtu si salama. Mwaka 2020 walitoa utafiti Marekani, tena wa vile vya kidoleni vya hospitali, wakalinganisha na damu yenyewe ya mshipani. Kwa wagonjwa weusi ambao kifaa kilionesha 92 mpaka 96, karibu 12 katika kila vipimo 100 oksijeni ya kweli ilikuwa chini ya 88, kwa weupe haikufika hata 4. Ngozi yetu inakidanganya kifaa. Kwaiyo mama akihema mpaka hawezi kumaliza sentensi, midomo ikabadilika rangi, kifua kikambana au akaanza kuropokwa, namba nzuri ya saa isiwazuie, mpelekeni hospitali hapo hapo.

Sasa kuijaribu. Chukueni daftari la skuli. Mama akae dakika tano, mkono juu ya mto, asizungumze, mtu mmoja aweke vidole viwili kwenye mshipa wa mkono wa pili ahesabu mapigo dakika nzima, sio sekunde 15 mkazidisha, na mwengine aandike saa inasema nini wakati huo huo. Asubuhi, mchana, usiku, wiki nzima. Pumzi mnahesabu kifua kinavyopanda, ila msimwambie, mtu akijua anahesabiwa pumzi anabadilisha. Alafu atembee mpaka uani na kurudi muandike tena, hapo ndipo saa nyingi zinapoumbuka, mkono unarushwa na saa inahesabu hatua inadhani ni moyo. Zikipishana mapigo matatu manne amekaa kitako sio neno, zikipishana 20 mara kwa mara basi hiyo ni pambo.

Mie yangu niliwahi kuifunga kwenye ndizi mkono wa tembo, wallahi ikanambia mapigo 78! Hata saa nzuri zinaweza kufanya hivyo maana inaona mwanga umerudi tu, ila tokea siku ile siipapatikii namba moja, naangalia imekuwaje tokea asubuhi.

Joto la mkononi ni la ngozi, liko chini kuliko la kwapani, msishangae. Presha pimeni kwa ile mashine ya kufunga juu ya mkono, saa isiyojaza upepo inakisia, wakati mashine ya kweli kabla kupasishwa hujaribiwa kwa watu wasiopungua 85. Na sukari ndo kabisa, Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaruhusu saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Anaechoma insulini akiifata hiyo atajiua.

Limebaki la simu. Saa inaongea na simu kwa blututhi, kama mita 10 hivi, mjukuu akitoka na simu kwenda kucheza mpira mama hana kipimo, na umeme ukikatika au bando likaisha wewe huku unaangalia namba ya mchana unadhani ya sasa hivi. Kila ukiangalia, angalia na saa ngapi imepimwa. Tena kwanini kengele ije kwako Jang'ombe? Saa tano usiku utapanda boti gani? Iende kwa mtu aliopo Wete, na kabla kumtoa mama kitandani huyo mtu amwamshe kwanza, amuulize hali, aikaze saa, angoje dakika mbili apime tena, na kama mnaweza mnunue na ya kidoleni ikae hapo nyumbani. Daftari mkishalijaza mpelekeeni nesi wa kituo chenu, yeye ndie awambie namba gani kwa moyo wa mama ni ya kukimbilia hospitali.

Na saa ahamishie mkono usiokuwa na piko, mfunguo mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, huja na harusi zake.