Usiguse gavana springi ikiwa bado imekazwa!

Weka hiyo bisibisi chini. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Nimeliona swali lako lote: gramafoni ya boksi ya marehemu babu yako, handeli imekaza hadi mwisho, ukifungua breki sahani haizunguki, na kesho unataka kung'oa gavana, kile kidhibiti mwendo, "niisafishe tu". Halafu umeuliza sindano zinapatikana wapi, grisi gani utumie, na ukitaka kuiuza uitishe pesa ngapi. Hayo yatangoja. Hilo "tu" lako ndilo lililonifanya niache chai ipoe.

Handeli ikikaza, jua nguvu yote uliyoitia kwa mkono bado imo ndani. Springi ni utepe wa chuma wa mita kadhaa, umeviringwa ndani ya kopo, na unataka kujifungua wote kwa mpigo. Kinachouzuia ni gia, na gia nazo zinashikwa na gavana. Ile gavana ina vizito vitatu vidogo; vikizunguka kwa kasi vinatanuka, vinavuta kisahani kigusane na kipande cha ngozi, mwendo unatulia kwenye mizunguko 78 kwa dakika. Ni ndugu yake ile ya kwenye matatu. Kama una umri wa kukumbuka matatu zilivyokimbia kabla Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wakati huo, hajazibana mwaka 2004, basi ndivyo mashine inavyokuwa ukiitoa gavana springi ikiwa imejaa. Tofauti ni kwamba hapa vidole vyako ndio abiria.

Najuaje? Yangu ilikuwa ya baba mkwe. Naam, baba mkwe, cheka. Mzee alikulia Pumwani, na ana santuri za Siti binti Saad, zile za Bombay za kuanzia 1928, anazifunga kwa kanga kama watoto wachanga. Alikuwa anatimiza miaka 80, nami nikajipendekeza: "Baba niachie, nitaitengeneza." Hakuna aliyeniomba. Dalili zilikuwa kama zako hizo hizo: imekazwa, imegoma.

Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja wa redio mjini, jamaa mwenye kibanda kilichojaa amplifaya hadi darini na mdomo unaozishinda zote kwa sauti. Hata hakuigusa. Akachungulia tu, akasema: "Bosi, hapo kwa gavana hakuna nguvu, nguvu iko kwa springi. Fungua skrubu mbili, chomoa, osha na petroli, rudisha." Akanitoza 1,500. Elfu moja mia tano kwa sentensi mbili! Wakili angenionea huruma.

Jioni nikaketi mezani sebuleni, shemeji yangu akinishikia tochi. Skrubu ya kwanza haikuleta neno. Ya pili nilipoizungusha nusu, ekseli ya gavana ikaruka kutoka kwenye tundu lake, na mashine ikapiga ukelele ambao sijausikia tena ila wanapokata mabati kule Kamukunji. Sekunde tatu, nne hivi, basi. Shemeji alikuwa ameshafika jikoni na tochi. Gia iliyokuwa inaisukuma gavana ilinyolewa meno ikabaki kipara, kizito kimoja tulikiokota siku ya tatu nyuma ya friji, na kidole changu cha shahada kikashonwa nyuzi nne. Hadi leo nikipiga simu ya kugusa kinabonyeza namba ya jirani yake.

Nikarudi kwa yule fundi, kidole kimefungwa kama mshikaki. Unajua aliniuliza nini? "Kwani ulikuwa umeikaza?" Ndiyo, aliliuliza BAADA. Swali la bure, la maneno matatu, ambalo lingefaa kuwa la kwanza.

Gia nyingine nilichongewa na fundi wa lethi Kariobangi kwa 6,500. Kwa macho ilipendeza. Ilipofungwa, Siti akawa anaimba kama anayepanda ngazi na kushuka, kwa sababu meno yakikosea hata unywele mwendo hautulii. Mwishowe nikaagiza mota nzima iliyotumika kutoka Uingereza, na usafiri na ushuru ikala 23,000. Sherehe ilikuwa imepita miezi mitano. Mzee aliniambia "Hakuna neno, mwanangu," kwa ile sauti ambayo maana yake ni kwamba neno lipo.

Sasa wewe. Gavana ibaki palepale. Mara nyingi kinachoigomesha ni mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi. Tia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye ncha mbili za ekseli yake na kwenye meno ya gia, uache usiku kucha. Kisha fungua breki, isukume sahani kwa kidole, taratibu. Ikianza kwenda iache iende hadi ife yenyewe. Ikifa isukume tena, kwa kuwa huwa imeficha mizunguko michache. Ukiona handeli imekuwa nyepesi, unaizungusha mara mbili tatu bila ubishi, hapo springi imeisha na unaweza kuanza kuzungumza na skrubu. Ikikataa baada ya siku mbili, mtafute fundi wa saa za ukutani, wa zamani, hao wameishi na springi. Muulize kwanza: "Nguvu utaitoaje?" Akicheka, beba mashine yako uondoke.

Na lile kopo usilifungue hata springi ikiisha. Mle ndani bado imebanwa ukutani. Kifuniko kikitoka vibaya, inaruka kama nyoka aliyemeza wembe. Ukisikia inagonga du! du! inapozunguka, ni grisi iliyokauka humo koponi, na hiyo si kazi ya meza ya sebuleni.

Ah, sindano. Za chuma, moja kwa upande mmoja wa santuri, kisha tupa. Ukiirudia inachimba santuri.

Hiyo handeli umeizungusha mara ngapi, na ni lini? Andika hapa kabla hujalala, uweke na picha ya mota kwa chini. Bisibisi mpe jirani alale nayo.